Fundi wa Maswali

Mwaka ule tulikula viazi. Asubuhi viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, mchana viazi na maharage, jioni viazi vya kuponda na majani ya maboga. Mtoto akililia ugali anaambiwa anyamaze, unga uko Uyole na Uyole ni mbali. Mahindi yaliunguzwa na baridi yakiwa bado machanga, ila viazi vilizaa mpaka tukavichukia. Mwaka wa kalenda siukumbuki. Ninachojua, mjukuu wangu wa kwanza alikuwa hajaota jino, na sasa anainama kupita mlango wangu. Huo ndio mwaka Fundi alipopanda kwetu mara ya kwanza.

Shida yetu haikuwa chakula. Shida ilikuwa mlima. Mashamba yako bondeni kando ya mto, udongo mweusi unaonata kama mafuta. Barabara iko juu, na lori la viazi halimteremkii mtu. Kati ya shamba na barabara pana mteremko ambao ukiutazama kutoka chini kilemba kinadondoka. Gunia linagawanywa mara tatu, kila fungu linakwenda kichwani mwa mwanamke, mtoto mgongoni, miguu peku kwa sababu viatu vinateleza. Ndivyo tulivyobeba miaka yote.

Fundi ndiye aliyetutua huo mzigo. Na niseme mapema, sitaki mtu aje aniambie nimeficha: kuchelewa kwake kulimponza mkamwana wangu, akavunjika mguu. Hata hivyo najivunia yule mama kuliko ninavyojivunia watu wengi wa damu yangu. Yote mawili ni kweli, na sitaacha moja ili nikufurahishe.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, Mwislamu wa Iringa mjini. Ushungi umekazwa kichwani, buti za mpira miguuni, suruali ndani ya gauni. Karakana yake ilikuwa Mwanjelwa, nyuma ya soko, katikati ya muuza mitumba na mama wa chipsi. Alichomelea mageti, madirisha, majiko, vitanda vya wanafunzi. Akivaa ile miwani myeusi juu ya ushungi, watoto walikimbia. Jina alikuwa nalo, zuri tu, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata shehe wa msikiti wao alimwita Fundi.

Kwangu alikuwa hali nyama, maana hakujua nani kaichinja. Alikula viazi na maharage, akamaliza, akauliza kwa nini viazi vya bondeni ni vitamu kuliko vya sokoni. Ukimjibu, anauliza tena. Ukimjibu tena, anakutazama hivi, kichwa upande, halafu anasema neno lake: "Bado sijaelewa. Niambie kama vile mimi ni mjinga."

Mama mkwe wangu alisema, "Huyu si wa kuambiwa kama vile. Ni mjinga kweli."

Lakini hakuanza hivyo. Hapo ndipo watu wanapomkosea wanapomsimulia. Wanadhani alizaliwa anauliza. Hapana. Mara ya kwanza alikuja kwetu anajua kila kitu.

Aliyemwita alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakakaa kikao juu barabarani, kwenye ule uwanja ambapo wazee huota jua, yeye na wanaume kumi na kitu. Wakamweleza mlima. Wanaume ambao hawajawahi kupandisha hata kabichi moja kwenye ule mlima, wakamweleza wamekunja miguu, kila mmoja ana lake. Fundi akaandika yote. Akarudi Mwanjelwa, akaja na mashine.

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ya bluu. Kiti kama cha baiskeli, pedali mbili, mnyororo, na pipa la chuma la kuzungushia kamba. Ile kamba inateremka mpaka bondeni, imefungwa kwenye sanduku refu la mbao lenye vyuma viwili chini vya kutelezea. Unakaa kwenye kiti, unakanyaga, sanduku linapanda na gunia zima. Lile sanduku tuliliita jeneza, mpaka mchungaji akatukataza. Siku ya kuizindua tulipiga vigelegele, mwenyekiti akapanda akakanyaga, gunia likafika, wazee wakapiga makofi. Kesho yake sote tukabeba kichwani kama kawaida.

Fundi aliporudi mwezi ulipoisha, akakuta kuku anataga kwenye sanduku. Akauliza kinamama. Kila mmoja akamjibu vizuri, maana sisi hatuna tabia ya kumwaibisha mgeni.

"Mashine vipi?"

"Nzuri sana, Fundi. Mungu akubariki."

"Mnaitumia?"

"Tutaitumia, Fundi."

Mimi nilikuwa namenya viazi mlangoni. Akaja akakaa kwenye kinu kilicholazwa, bila kukaribishwa.

"Mama Lusajo, nikukosee heshima kidogo. Ni nzito?"

"Si nzito."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi mna nini nyinyi watu?"

Nikaweka kisu chini. "Fundi, wewe una baba mkwe?"

"Alishakufa."

"Mimi wangu ni yule pale juu, mwenye kofia ya sufu. Kila siku anakaa hatua tano kutoka kwenye kile chuma chako. Sasa unataka nipande pale nitanue miguu, nikanyage, na yeye ananitazama?"

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani unaingia porini, unageuza mgongo mpaka apite. Husemi naye, huli anapokula. Siku hizi mabinti wanakaa sebule moja na wakwe zao wanaangalia runinga, na mimi siwasemi. Lakini kijijini kwetu mwaka ule hakuna mwanamke mwenye akili ambaye angepanda baiskeli mbele ya baba wa mume wake. Hata tungekufa na mizigo.

Fundi akatazama juu, kule kwenye chuma chake. Halafu akauliza, "Mimi nilimuuliza nani?"

"Uliwauliza wao."

"Wanabeba?"

"Hawabebi."

Akainuka. Akatoa spana mfukoni, akapanda juu, akaanza kuifungua ile mashine mbele ya wazee wote. Mwenyekiti akaja mbio, shati halijafungwa.

"Fundi! Fundi! Hiyo ni mali ya kitongoji!"

"Ni chuma chakavu cha kitongoji," akasema, na hakugeuka. "Nishikie hapa."

Na mwenyekiti akashika. Ndiyo maana nasema najivunia. Nimeona mafundi wengi wa kuja na kuondoka, na wengi wao kitu kikikataa wanasema watu ndio wabovu, hawajaelimika. Yeye alikaa pale juani akafungua nati zake mwenyewe moja moja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeiba akakamatwa.

Kuanzia hapo ndipo wakamwita Fundi wa Maswali. Lilikuwa jina la kumcheka, na alilijua.

Alikuwa na daftari la shule la mistari, penseli imefungwa na uzi. Lakini daftari halikutoka siku ya kwanza, wala ya pili. Siku za kwanza alibeba. Alipakia fungu la viazi kichwani, akaja nyuma yangu na buti zake, akafika pumziko la tatu akakaa chini, ushungi umelowa. Akasema, "Kumbe." Basi. Siku ya pili akavua buti. Siku ya tatu akafika juu, na Atupele, mke wa Lusajo wangu, akampigia kigelegele peke yake.

Kila tulipopumzika alifunga kitambaa chekundu kwenye kijiti. Alipima mlima kwa kamba yenye mafundo. Aliuliza watoto wanapita wapi wakitoka shule. Alimuuliza mzee mwenye goti bovu. Alimuuliza mpaka mlevi wetu, ambaye huushuka ule mlima kwa makalio. Akasema huyo ndiye anayejua panapoteleza kuliko sisi wote. Na kweli, mlevi akamwonyesha sehemu mbili ambazo hata mimi nilikuwa sizijui, akaonyesha kwa heshima kubwa, kama mhandisi.

Watu walimwambia, "Fundi, sisi tunataka injini."

"Hilo ni jibu," anasema. "Mimi nimeuliza shida. Ukienda hospitali unamwambia daktari nipe vidonge vyekundu? Si unamwambia unaumwa wapi?"

Kuna mama mmoja alichoka naye akamjibu, "Naumwa na wewe." Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamuuliza, "Tangu lini?"

Hakupenda mchoro mmoja. Hilo nalisema kwa sababu nililiona kwa macho yangu jikoni kwangu. Alikuja na karatasi nne, kila moja na kitu chake: moja injini, moja punda, moja waya unaopita hewani, moja pipa la kuzungusha kwa mkono. Akazipanga kwenye mkeka. Hakusema yeye anapenda ipi. Nikamuuliza baadaye kwa nini anajitesa kuchora minne wakati atajenga mashine moja. Akaniambia, "Nikiwaonyesha mmoja mtasema asante, kama mlivyosema kwa ile ya bluu. Nikiwaonyesha minne mtagombana. Mkigombana ndipo nasikia."

Tukagombana kweli. Punda nani atamlisha. Injini nani atainunulia mafuta, na ikizimika fundi yuko Mwanjelwa. Waya wa hewani gunia likidondoka litamwangukia nani. Ikabaki karatasi ya pipa la mkono, nayo haikuturidhisha, maana pipa bado liko juu kwa wakwe.

Fundi akachukua viazi vya kuponda vilivyobaki kwenye sufuria, akavimwaga kwenye sinia, akafinyanga mlima. Mlima wetu hasa, na ile kona yenye jiwe. Mama mkwe akasema, "Anachezea chakula, mtu mzima huyu." Fundi akaweka kigurudumu cha uzi wa cherehani juu kabisa, akateremsha uzi, akafunga kiazi kidogo. Akazungusha, kiazi kikapanda.

"Shida yenu ni hapa," akasema, kidole juu ya kigurudumu.

Mimi nilikuwa nasukuma moto. Sikufikiri, nilisema tu. "Sasa si ukiteremshe? Kwani lazima mtu avutie akiwa juu? Mbona ndoo ya kisimani tunavuta kamba kwenda chini na ndoo inakuja juu?"

Fundi akageuka polepole. Akachomeka msumari pale juu ya mlima wa viazi, akapitisha uzi nyuma ya msumari, akaurudisha mpaka chini, akaweka kigurudumu bondeni. Akazungusha. Mkono wake uko chini kabisa kwenye ukingo wa sinia, na kiazi kikapanda mlima peke yake, kikaipita kona ya jiwe, kikafika juu kikagonga msumari.

Mama mkwe alisogea akatazama kwa karibu, akanyoosha kidole akakigusa kile kiazi.

Fundi akatoa daftari. Akaandika jina langu, lote, na la ukoo, akaniuliza herufi. Nilikomea darasa la nne. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jina langu likiandikwa na mtu ambaye hanidai wala hanihesabu.

Sasa utasema, basi kazi imekwisha, chomelea. Hata mwenyekiti alisema hivyo.

"Fundi, umeshajua. Viazi viko ardhini, vinakaribia. Chomelea!"

"Bado sijaelewa," akasema.

"Huelewi nini tena?"

"Mtu akiachia mpini, gunia linafanya nini."

"Si wasiachie!"

"Wewe hujawahi kuachia kitu?"

Akajenga ya miti kwanza. Miti na kamba ya katani na sanduku bovu, akajaza mawe mahali pa viazi. Akawa anavuta, anaachia, anatazama linavyorudi kwa kasi. Anavuta, anaachia. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Mvua ikanyesha, miti ikalegea, akaanza tena. Wazee walipeleka viti vyao wakae wamtazame. Na viazi vikaiva. Lori likaja juu, likapiga honi, na sisi tukaweka kata vichwani tukaanza kubeba, kama kawaida, tukiwa na mashine ya kwenye karatasi.

Siku ya nne ya kubeba Atupele akaanguka kwenye kona ya jiwe. Mtoto alikuwa mgongoni, akatokea juu ya bega akaangukia majani, hakupata hata mchubuko. Atupele mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Tulimpandisha kwenye mlango uliong'olewa, wanawake sita.

Kesho yake nilishuka Mwanjelwa. Sikusalimia. Palikuwa na wateja wawili wanasubiri geti. Nikasimama katikati ya karakana nikasema kwa sauti, "Penseli yako imemvunja mwanangu." Nikasema na mengine ambayo siyarudii. Fundi alivua miwani. Hakuniuliza kitu. Ile ndiyo siku pekee niliyomwona yule mwanamke hana swali.

Siku iliyofuata nikamkuta hospitalini, chupa ya uji mkono mmoja, daftari mkono mwingine. Atupele amelala na plasta. Fundi akamnywesha uji, akamfuta mdomo, akafungua daftari.

"Mwanangu, ulipoanguka ulikuwa unatazama wapi?"

Nilitaka kumpiga na ile chupa. Lakini Atupele akajibu. Sisi wote tulikuwa tumemuuliza unaumwa, unaumwa sana, pole. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anatazama wapi. Akasema alikuwa anatazama juu. Mwenzake aliyekuwa mbele alifunguka mzigo, viazi vikaja vinabingirika, akaruka pembeni kuvikwepa. Hakuteleza, kama tulivyodhani. Alikwepa.

Fundi akaandika. Akasema, "Kwa hiyo njia ya gunia na njia ya mtu haziwezi kuwa moja." Halafu akafunga daftari akalia, bila sauti, kama anayechoka.

Mashine aliyotujengea mpaka leo inafanya kazi. Pipa liko bondeni, mpini wa watu wawili, unazungusha umesimama na kitenge chako kimekaa sawasawa. Juu pamebaki kapi tu kwenye nguzo. Sanduku lina njia yake, watu wana njia yao. Na kwenye gurudumu la pipa kuna jino la chuma: ukiachia mpini, jino linadondoka kwenye meno, tak, gunia linasimama palepale. Watoto wanapenda kulichezea. Nikilisikia lile tak mimi namkumbuka Atupele.

Kama Fundi angechomelea siku ile alipoambiwa, mashine ingekuwepo msimu ule, na Atupele asingekuwa na mzigo kichwani. Na pengine gunia zima lingerudi kwa kasi likamkuta mtu na mtoto njiani. Nimelipima hili mara nyingi nikiwa nachambua maharage. Silimalizi.

Ila kuna jambo ambalo hata yeye hakulitegemea. Gunia likifika juu nani atalipakua? Sisi tuko chini. Wanaobaki juu ni wazee, wanaota jua. Basi wakwe zetu wakawa wapakuaji! Baba mkwe wangu, mwenye kofia ya sufu, akajiteua mkuu wao. Fundi akafunga kamba nyembamba yenye debe la mawe kila upande: juu wakishapakua wanatikisa, chini tunajua turudishe sanduku. Miaka ishirini na mitatu nimeolewa kwenye ile nyumba, sijasema na yule mzee neno hata moja. Sasa yeye anatikisa mara mbili juu, mimi nazungusha chini. Ikifika saa ya kula anatikisa mara tatu, maana yake nendeni mkapumzike. Hatukumwambia afanye hivyo. Alipokufa, debe lilikaa siku tatu halijaguswa.

Usifikiri Fundi alikuwa malaika. Mtu wa kupima kila kitu, viatu alinunua bila kujaribu, akatembea miezi anachechemea, ukimwambia anasema vitalegea. Geti la nyumba yake lilining'inia kwa waya miaka kumi. Nilimtania, "Fundi, na hili?" Akasema, "Mwenye geti sijamaliza kumsikiliza." Wageni wake aliwapakulia chakula bila kuwauliza wameshiba au vipi, ukikataa ananuna. Kusifia alikuwa hajui. Ukifanya vizuri anasema "haya," na ukifanya vizuri sana anasema "haya" na anakutazama. Na yeye mwenyewe ukimuuliza jambo lake la ndani, anauliza wewe kwanza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka jana, baada ya kuvuna mahindi. Alikuwa ameshafunga karakana na kuhamia Nyololo, kwa mdogo wake wa kike mwenye duka kando ya barabara kuu. Ule moto wa kuchomelea umekula macho yake. Anaona mwanga na kivuli, basi.

Sikwenda peke yangu. Vijana wawili wa mradi, wa kiume na wa kike, walinifuata nyumbani na gari safi, vitambulisho shingoni. Walikuwa wameiona mashine yetu, wakaipiga picha kila upande. Wanataka kuipeleka Chunya kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ivute mawe kutoka mashimoni. Wanachohitaji ni michoro ya Fundi na ruhusa yake. Wakasema kila mashine itakuwa na kibao cha shaba chenye jina lake kamili. Moyo wangu ulivimba. Nikavaa kitenge cha harusi ya Lusajo, nikakaa kiti cha mbele mpaka Nyololo, kama mama wa bibi harusi.

Tulimkuta uani, kwenye jua.

"Kamwene," nikamsalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, Mama Lusajo. Umenenepa."

"Huoni, umejuaje?"

"Nimekisikia kiti."

Binti wa mradi akaeleza, vizuri, kwa adabu. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Shimo lina kina gani?"

"Yanatofautiana, Bibi."

"Anayeshuka anashukaje?"

"Kwa kamba, nadhani," akasema yule kijana.

"Unadhani. Na mtu aliyechoka, akiona sanduku la mawe linapanda, atapanda kwa mikono yake, au atakaa juu ya mawe avutwe nalo?"

Wakatazamana. Mimi nikaelewa anakokwenda. Lile jino lilipimwa kwa magunia ya viazi, si kwa mtu.

"Mmezungumza na nani huko?"

"Na viongozi wa kikundi, Bibi. Wenye mashimo."

"Wenye mashimo wanashuka?"

Kijana akakishika kitambulisho chake shingoni.

"Basi nipelekeni," akasema. "Wiki mbili tu. Macho yamekwisha, lakini mikono ipo na masikio yapo. Nikae na wanaoshuka."

Binti akainama mbele. "Bibi, tungependa sana. Ila michoro inatakiwa Ijumaa, na mvua zikianza kazi inasimama mpaka mwakani. Tupe hii ya viazi tu, mengine tutarekebisha sisi."

"Hapana," akasema Fundi. "Mchoro wa mlima hautashuka shimoni kabla sijachungulia mwenyewe."

Kijana akanitazama mimi. Nilijua ananiomba nini, na kusema kweli nilikuwa nakitaka kile kibao. Nilitaka watu wa Chunya walisome jina lake. Na nilitaka pia jambo jingine, ambalo lilikuwa limekaa kifuani siku nyingi.

"Fundi, nisikilize," nikasema. "Huko watu wanapanda na mawe mgongoni leo hii, sasa hivi tunavyoongea. Atupele alivunjika tukikungoja. Unataka wangapi wengine wakungoje?"

Mdogo wake aliyekuwa anaosha vikombe akaacha kuosha. Fundi hakukasirika. Mkono wake ukatafuta juu ya meza, ukaupata wangu, ukaushika. Mkono mkavu, wenye makovu ya cheche mpaka kwenye kiwiko.

"Anachechemea bado?"

"Kukiwa na baridi."

"Najua," akasema. "Kila baridi ikija, najua."

Akakaa hivyo, ameshika mkono wangu. Halafu akageuza uso kule walikokaa vijana, ambao hakuwaona.

"Hapana. Mchoro wa mlima hautashuka shimoni kabla sijachungulia mwenyewe."